Kwa Nini Askari wa Tsar Walikataa

Nilistaafu mwezi wa tano, na ofisini kwangu tayari wameweka mashine ya fotokopi. Sina ugomvi na mashine hiyo. Angalau inafanya kazi. Nawaandikia ninyi vijana mnaobaki katika idara, mnaofundisha historia ya dunia kwa watu wazima wanaokuja darasani wakitoka kazini au wakielekea kazini. Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike kwa adabu. Haikupoa. Basi mtaisoma ikiwa moto.

Mkenya yeyote aliyefika Minnesota anaijua njia niliyopita. Kisii nilikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa nilianza kwa kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kusini mwa Minneapolis, kwa sababu cheti changu cha ualimu kila ofisi ilikipindua kama mtu anayetafuta bei. Nikarudi shule, nikasoma upya mambo niliyokuwa nimeyafundisha, na mwishowe chuo kimoja kidogo cha Saint Paul kikanipa darasa la Jumamosi asubuhi ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka. Nililishika mpaka siku niliyostaafu. Wanafunzi wengi walikuwa wahamiaji waliotaka kuwa wauguzi, na ili wawe wauguzi ilibidi wapasi somo moja la historia. Hakuna aliyekuja kwa kuipenda Urusi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa slaidi zilizotengenezwa na mtu aliyekwisha kuhama. Kuanguka kwa ufalme wa Urusi kulikuwa na slaidi nne: Tsar na familia yake wakiwa wamevaa nyeupe; yule mtu wa Mungu mwenye ndevu aliyeingia ikulu kumwombea mwana mgonjwa wa Tsar; ramani ya vita; bendera nyekundu. Nilizifundisha kama zilivyo. Kipindi kilipokwisha, mama mmoja kutoka Liberia akafunga begi lake na kuniuliza, "Kwa hiyo ni ndevu zilizouangusha ufalme?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Nilipokuwa nikiendesha gari kurudi nyumbani kicheko kilinigeukia. Ukoo uliotawala miaka mia tatu, mamilioni ya watu, nusu ya bara zima, na mimi nimewaambia watu wenye akili timamu kwamba vyote viliangushwa na ndevu.

Aliyeninusuru ni Bwana Lindgren, mzee wa hapa hapa, mjukuu wa wakulima wa Kiswidi, aliyekuwa akifundisha chumba cha juu na aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, hasa kabla ya kahawa. Nilimweleza habari ya ndevu. Hakucheka. Alifungua kabati, akatoa ramani ya ukutani ya kitambaa, nzito kama blanketi, ikiwa na reli za Urusi zilizochorwa kwa rangi nyekundu.

"Usianze na uso wa mfalme," alisema. "Watu wakishaona uso, wanaacha kufikiri. Anza na reli."

Akanionyesha kwa kidole. Ngano ilikuwa kusini, nyingi tu. Midomo ilikuwa kaskazini, katika mji mkuu, Petrograd. Katikati palikuwa na treni, na treni zilikuwa zimechukuliwa na vita: zinapeleka askari, zinarudisha majeruhi, zinaharibika, hazitengenezwi. Njaa ya Petrograd haikuletwa na ukame. Mkate ulikuwapo nchini. Waliokuwa na uwezo wa kuusafirisha walikuwa na mambo mengine waliyoyaona muhimu zaidi. Tangu siku hiyo sikuwahi kulisikia neno "uhaba" bila kuuliza, uhaba wa nani, na nani aliyeshika treni.

Kutoka kwenye reli nilijifunza kurudi nyuma polepole. Wakulima waliofunguliwa utumwa wa mabwana wao, kisha wakatozwa kwa miaka na miaka malipo ya ardhi waliyoilima wao na babu zao. Kushindwa na Japani, jambo ambalo wakubwa wa Urusi walidhani haliwezekani kwa kuwa hawakuwahi kumhesabu Mjapani kuwa mtu. Jumapili ile ya mwaka 1905, wafanyakazi walipoandamana kwenda ikulu wakiwa wamebeba sanamu takatifu na picha ya Tsar mwenyewe, wakamwendea kama watoto wanavyomwendea baba, wakapigwa risasi kwenye theluji. Bunge lililoahidiwa kwa woga na kunyang'anywa nguvu woga ulipokwisha. Halafu vita vikuu, na Tsar kwenda mwenyewe kuongoza jeshi, hata kila kushindwa kukawa kwake yeye na si kwa jenerali yeyote. Huyo mwenye ndevu mwekeni mwishoni, karibu na mlango, akiwa amesimama. Kiti hakustahili.

Chombo changu kizuri kuliko vyote kilikuwa mkate na baridi. Mapinduzi yale yalianza kwenye foleni za mkate, majira ya baridi, na Mungu ametupa Saint Paul majira ya baridi ya kutosha kuwaazima Warusi. Kila mwaka nilinunua mikate myeusi, nikawapanga wanafunzi nje ya mlango wa nyuma, nikaanza kuigawa polepole kabisa. Nikifika katikati ya foleni nasema, "Umekwisha, rudini kesho," na kufunga mlango. Kupitia kioo niliziona nyuso zikibadilika. Watu wazima, wanaojua ni mchezo, waliokunywa chai asubuhi. Walirudi ndani wakiwa wamenuna kweli kweli, na hapo ndipo somo lilipoanza. Mchezo huo ulipigwa marufuku na ofisi ya usalama ya chuo, kwa sababu mtu angeweza kuteleza. Hakuna aliyewahi kuteleza.

Lakini swali ndilo lililokuwa kazi yangu hasa, na ninawaachia. Mwaka 1905 askari waliambiwa wapige, wakapiga, na Tsar akabaki. Mwaka 1917, wanawake wa viwandani walipotoka kudai mkate na mji mzima ukawafuata, askari waliambiwa tena wapige. Jumapili wakapiga. Watu wakafa katika uwanja mmoja wa mji. Jumatatu asubuhi, kikosi kile kile kilichopiga Jumapili kikakataa kutoka, kikamgeukia ofisa wake, na vikosi vingine vikafuata. Siku chache baadaye hapakuwa na Tsar. Kwa hiyo niliwauliza: kulitokea nini kati ya Jumapili na Jumatatu?

Nililiuliza swali hilo kila mwaka. Nilipata majibu mazuri: wale askari walikuwa wakulima waliovishwa sare juzi tu, dada zao walikuwa kwenye foleni ile ile, waliogopa kupelekwa vitani. Yote ni kweli, na yote yamo vitabuni. Jibu ambalo halimo kitabuni nililipata mara moja tu, na aliyelitoa aliadhibiwa.

Aliitwa Papa Byamungu, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kukunja koti lake vizuri na kuliweka kwenye kiti kabla hajakaa. Wiki nzima alifanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala kule Eagan. Jumamosi alikuja darasani kwa sababu alitaka kuwa muuguzi msaidizi. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma zaidi kuliko cha kusema. Pembeni yake alikaa Dennis, kijana wa Nakuru aliyekuwa akihudumia wazee kule Minneapolis na kuja kwa treni ya Green Line akisinzia. Dennis alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

Siku Papa Byamungu alipotoa jibu lake, nyuma ya darasa alikaa pia mratibu mpya wa idara, Bi. Heather, aliyekuja kunikagua akiwa na kompyuta yake magotini. Nilitoa swali langu. Dennis akaamka.

"Mwalimu, huyo Tsar alikuwa soft," alisema. "Ange-deal nao mapema, angekaa. Kiongozi akiwa mkali watu wanatulia. Hata kwetu ni hivyo."

"Aliwapiga Jumapili," nikamwambia. "Hakuwa laini Jumapili."

"Basi angeendelea Jumatatu."

"Kwa mikono ya nani?"

Ndipo Papa Byamungu akainua mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akanitazama.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Nitawatafsiria wenzako."

"Mama Mwalimu, huyu kijana hajakaa na basoda," alisema, na kwa Kiswahili cha kwao basoda ni askari, ordre ni amri, na chef ni mkubwa wao. "Siku ya kwanza unapiga, sababu hujaona mtu. Umeona tu kundi. Ordre imetoka, chef yuko nyuma yako, unapiga. Halafu munarudi kambini. Chakula kinaletwa, hakuna anayekula. Hakuna anayesema. Sasa ile kundi inaanza kuachana, moja moja. Yule alikuwa mama mwenye kitambaa cha njano. Yule alikuwa anafanana na shangazi. Asubuhi ordre inatoka tena. Lakini asubuhi si kundi tena, ni watu. Mutu mumoja akisema 'mimi siendi', wote wanakuwa walikuwa wanangojea yeye."

Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Dennis alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake na kumtazama. Mimi, nikiwa mbele ya ramani aliyoniachia Bwana Lindgren, nikawaambia wapumzike wanywe kahawa.

Sikilizeni sasa jinsi kitu kizuri kinavyogeuzwa kuwa uchafu.

Wenye Kiswahili mnajua kwamba "unapiga" pale si wewe wala si mimi. Ni mtu yeyote. Ndivyo tunavyosema, ukienda sokoni mapema unapata mboga nzuri, bila kusema nani amekwenda. Hata Kiingereza kinasema vivyo hivyo, na ndivyo nilivyotafsiri. Bi. Heather aliandika kwenye kompyuta yake kwamba mwanafunzi amesema aliwapiga risasi raia. Hakuniuliza mimi. Hakumwuliza yeye. Aliituma taarifa hiyo kwenye ofisi ya usalama ya chuo, na katikati ya wiki Papa Byamungu akapigiwa simu akiwa ghalani, akaambiwa asikanyage chuoni mpaka uchunguzi ukamilike.

Alinipigia. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama habari hiyo itapelekwa kwa watu wa uraia, kwa sababu yeye na mke wake walikuwa wameitwa kwa mahojiano ya uraia na siku ilikuwa imekaribia.

"Sitaenda, Mama Mwalimu," alisema. "Nikienda wakaniuliza hii, nitasema nini? Wacha nikae kimya na karatasi nilizo nazo."

Mnajua tunaishi wakati gani. Mnajua watu wanavyotazama dirishani kabla ya kufungua mlango. Mtu aliyekaa kambini Tanzania ujana wake wote, aliyehojiwa na kila aina ya ofisa kabla hajapanda ndege, alirudishwa kwenye woga wake na mtu aliyekuja kukagua kama naandika malengo ya somo ubaoni.

Nilikwenda kwa Bi. Heather. Alinikaribisha kwa upole mwingi. Alisema ni utaratibu, kwamba hana la kufanya, kwamba usalama wa wanafunzi unatangulia yote.

"Mwanafunzi gani aliogopa?" nikamwuliza.

"Si lazima awepo mmoja."

"Basi nani alikuwa hatarini?"

Akasema anaelewa kwamba nina hisia kali. Neno hilo nimelisikia sana katika kazi yangu. Mwenye cheo ana msimamo. Sisi tuna hisia. Nilimwambia kwamba huyo mtu alikuwa amejibu swali la mtihani wa maisha yake yote kwa ajili ya somo la Bi. Heather mwenyewe, lililo kwenye orodha yake ya mambo ya kufundishwa, na kwamba alichofanya yeye ni kile kile walichofanya wale maofisa wa Tsar: kusoma taarifa za watu bila kwenda kuwaona. Nilikuwa nimesimama. Sauti yangu ilifika kwenye korido. Siombi radhi.

Kikao kiliitwa siku chache baadaye mbele ya mkuu wa masuala ya wanafunzi, mwanamume mwenye fulana ya sufu na kikombe cha chuma. Papa Byamungu hakuja. Alikatazwa kukanyaga chuoni, na inaelekea hakuna aliyegundua kwamba kwa hiyo hawezi kuhudhuria kikao chake mwenyewe. Nilipofika nilimkuta Dennis kwenye benchi la korido akiwa bado na sare ya kazini.

"Nimeomba ruhusa," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapo kando yake, Mwalimu. Nilisikia Kiswahili chenyewe. Hao hawakusikia."

Tuliingia pamoja. Nilieleza habari ya "unapiga" taratibu, kama ninavyowaeleza watu reli. Mkuu akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo nililijua litakuja.

"Lakini je, alipiga au hakupiga?"

"Sijui," nikasema. "Sijamwuliza."

"Kwa nini hukumwuliza?"

"Kwa sababu mimi nafundisha historia ya Urusi. Wenye kazi ya kumwuliza walimwuliza kabla hajaletwa nchi hii, wakaridhika. Wewe unafundisha nini?"

Akanywa kahawa. Dennis akasema, kwa Kiingereza kizuri kuliko alichokuwa akikitumia darasani, kwamba yeye ndiye aliyesema mfalme alipaswa kuwaua watu zaidi. Alilisema waziwazi, mbele ya mratibu, na hakuna aliyemwandikia taarifa. "Mimi nilisifu kupiga watu, mkaniacha," alisema. "Yeye alieleza kwa nini watu wanaacha kupiga, mkamfukuza. Mnieleze hapo."

Wiki mbili zilipita, ikaja barua pepe ya mistari mitatu: suala limefungwa, hakuna hatua zaidi. Hapakuwa na pole, wala neno la kosa la tafsiri. Na kwa kuwa Papa Byamungu alikuwa amekosa vipindi vingi kuliko kanuni inavyoruhusu, vipindi alivyokatazwa na chuo chenyewe, akaondolewa kwenye darasa. Niliomba nimpe mtihani peke yake. Wakakataa. Niliomba mara ya pili kwa maandishi, nikajibiwa kwamba kanuni ni kwa wote. Nimefundisha miaka mingi juu ya serikali iliyokufa kwa kushindwa kutofautisha kanuni na haki, na wanaonilipa hawakusikia hata kipindi kimoja.

Jambo moja lilikuwa jema. Nilimshika Papa Byamungu kwa maneno, na mke wake, Mama Rehema, akamshika zaidi, mpaka wakaenda kwenye mahojiano ya uraia. Waliulizwa maswali ya kawaida. Waliapishwa wote wawili, na Mama Rehema alinitumia picha wakiwa wameshika vibendera, yeye akicheka, mumewe akiwa amekunja koti mkononi. Chuoni hakurudi. Mpango wa uuguzi aliuacha. Yuko ghalani mpaka leo, na kuna wodi fulani mjini hapa iliyomkosa mtu ambaye angekaa na mgonjwa bila kuharakisha. Bi. Heather sasa anaongoza idara. Siku ya kuniaga alikata keki na kusema nilikuwa sauti ya wasio na sauti. Nilimwambia, mbele ya wote, kwamba Papa Byamungu alikuwa na sauti, na kwamba aliitumia vizuri, na kwamba yeye, Bi. Heather, alikuwa chumbani. Kisha nikala keki. Ilikuwa nzuri.

Lakini Papa Byamungu nilimmalizia somo lake. Baada ya kiapo nilikwenda kwao Eagan, Jumamosi mchana, nikiwa na ramani ya Bwana Lindgren begani, kwa sababu sikutaka aondoke na nusu ya hadithi. Tuliitandika juu ya meza ya chakula. Mama Rehema alileta sambusa. Binti zao wawili walipita wakiuliza kwa Kiingereza ile ni nchi gani kubwa hivyo, na baba yao akawajibu kwa Kiswahili wakae wasikilize, wakakaa.

Nilimweleza jinsi majenerali na wanasiasa walivyomfuata Tsar kwenye treni yake, ikiwa imesimama njiani kwa sababu wafanyakazi wa reli hawakumpa njia, na jinsi alivyotia sahihi kuacha kiti. Jinsi alivyofungwa pamoja na familia yake, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Jinsi walivyouawa katika chumba cha chini, na watoto. Wale wasichana walisikiliza hapo kwa makini kuliko popote. Ndivyo ilivyo siku zote, na ndiyo maana vitabu hupenda kumalizia hapo.

Papa Byamungu alingoja nimalize. Kidole chake kilikuwa bado Petrograd.

"Na wale basoda?" aliuliza. "Wale wa Jumapili na Jumatatu. Baadaye waliishi namna gani?"

Nilifungua mdomo kujibu. Nikamwona Tsar ninayemjua mpaka viatu vyake, mke wake na dawa zake, mwana na ugonjwa wake, mwenye ndevu na kila sumu inayosemekana alilishwa. Nikatafuta akilini askari mmoja wa kikosi kile, mmoja tu, akiwa mzee, akiwa nyumbani kwake, akiulizwa na watoto alifanya nini siku ile. Katika vyote nilivyosoma na kufundisha sikuwa nimemwona, na kilichonikasirisha zaidi ya chuo na kikao ni kwamba sikuwa nimewahi hata kumtafuta.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuna aliyewafuatilia."

Alitikisa kichwa polepole. Mama Rehema, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliweka mkono begani mwa mumewe na kuuacha pale.

"Basi waambie walimu wenzako," alisema Papa Byamungu, "kuna mutu ameuliza."